Sentimita Kumi Ukutani

Ukuta wenyewe ni wa matofali ya saruji, umepigwa plasta na kupakwa chokaa, kisha ukawekewa mistari minne myeusi: miwili ya kusimama, miwili ya kulala. Kutoka ukutani hadi kwenye alama iliyochorwa sakafuni ni mita 10 kamili. Ukipita mchana utadhani ni goli la watoto wa mtaani. Magharibi ikishaingia, milima ya Uluguru ikiwa imebaki kivuli tu juu ya mji wa Morogoro, fundi hutoka na bisibisi yake, humwambia dereva asogeze gari hadi kwenye alama, na hapo ndipo ukuta unapoanza kazi.

Kazi hiyo ni kuseti taa za mbele za magari. Si kubadilisha globu wala kuunga nyaya, bali kuuelekeza mwanga: uende wapi, uishie wapi. Nimeitazama jioni nyingi sasa, nikiwa nimekalia tairi kuukuu pembeni ya sakafu, na bado sijaichoka.

Mara ya kwanza nilifika pale baada ya safari iliyonikasirisha. Nilikuwa nimenunua globu za LED kwenye duka moja la vipuri, nyeupe kama mbalamwezi, nikafungiwa palepale kwa dakika kumi, nikaondoka Dar es Salaam jioni. Tangu nilipoiacha Chalinze, kila gari lililokuja mbele yangu lilinipiga fulu. Nami nikawapiga. Niliamini kwamba barabara usiku ule imejaa watu wasio na adabu. Niliposimama Mikese kununua mahindi ya kuchoma, dereva wa lori aliyekuwa ameegesha upande wa pili alivuka, akanisalimu, akaniuliza kwa upole, “Ndugu yangu, hizo ulizowasha ni dimu au fulu?” Nikamjibu ni dimu. Akatikisa kichwa. “Kaziseti. Utamtoa mtu barabarani.”

Kesho yake nikaelekezwa kwa mzee huyu.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba. Leta funguo, halafu toa mizigo yote kwenye buti.”

Nilitegemea afungue boneti. Alikwenda kwenye matairi. Alipima upepo wa tairi moja baada ya jingine, akaongeza ule wa nyuma kushoto uliopungua, akarudia kupima yote manne. Kisha akanitazama. “Sasa ingia ukae kwenye usukani.” Nikauliza kwa nini. “Wewe ndiye unayeendesha, mwanangu. Gari lipimwe likiwa na mwenyewe.” Nilipokaa, aliikandamiza bampa ya mbele mara tatu, akazunguka nyuma akaikandamiza mara tatu, ili springi na shokomzoba zikae pale zinapokaa gari likiwa njiani.

Nilidhani ni mazoea ya kizee. Baadaye nilifanya hesabu. Gari dogo la kawaida lina kama mita 2.6 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mkia ukishuka sentimita 2.6 tu, kwa upepo mdogo au kwa mfuko wa saruji uliosahaulika kwenye buti, pua inainuka na taa zinapanda kwa asilimia moja nzima. Utaona mbele kidogo kwamba asilimia moja ndiyo mali yote anayoishughulikia fundi huyu. Angeanza na bisibisi, angekuwa anaseti mwanga kulingana na tairi bovu, na siku ningejaza upepo kazi yote ingeharibika.

Sakafu nayo ina habari yake. Aliimwaga mwenyewe, na aliipima kwa mpira mwembamba uliojaa maji, ule wanaoutumia mafundi ujenzi: ncha moja kwenye alama ya gari, ncha nyingine ukutani, maji yakisimama usawa mmoja pande zote ndipo sakafu imelala. Hupima tena kila baada ya masika, kwa sababu ardhi ikinywa maji hujinyoosha. Ufa mmoja ulipotokea pembeni alivunja kipande hicho akamwaga upya. Gereji jirani zinaseti taa juu ya changarawe, zikiulenga ukuta wa jirani. Yeye hazisemi. Anapima maji yake tu.

Giza lilipotosha aliniambia niwashe dimu. Akasimamisha kipande cha boksi mbele ya taa ya kushoto, hatua moja kutoka kwenye kioo, maana taa za plastiki zikifunikwa kwa kugusana hupata joto zikaharibika. Taa ya kulia ikabaki peke yake ukutani. Ilikuwa fujo: doa jeupe lisilo na umbo, limetapakaa hadi juu ya paa la jirani.

Akamwita kijana wake alete gari lake mwenyewe, kigari cha Kijapani cha miaka mingi, akaliweka kando yangu. “Tazama hii.”

Nilikuwa nimeendesha gari miaka kumi na mitano bila kujua kwamba mwanga wa dimu una umbo. Haumwagiki kama maji ya ndoo. Una ukingo: juu giza, chini mwanga, na kati yake mstari uliokatwa kama kwa wembe. Upande wa kulia mstari huo umelala sawasawa. Ukifika katikati unapinda na kupanda kuelekea kushoto, kwa mwinamo wa nyuzi 15. Pale unapopinda fundi anapaita kiwiko.

Kiwiko hicho kina maana yake. Sisi tunaendesha kushoto. Anayekuja mbele yetu yuko kulia, kwa hiyo upande huo mwanga unawekewa dari ili usimfikie machoni. Kushoto ndiko waliko watembea kwa miguu, baiskeli, mbuzi na vibao vya barabarani. Huko mwanga unaruhusiwa kuinuka uwaone mapema. Umbo hili lisilolingana pande mbili liliingia kwenye magari ya Ulaya mwaka 1957, na tangu hapo kila taa ya dimu ya namna hiyo imekuwa na upande wake wa dunia. Magari ya Japani yanatufaa kwa sababu na Wajapani huendesha kushoto. Lori lililotengenezwa kwa barabara za Ujerumani, ambako wanapita kulia, kiwiko chake kinapanda kulia. Ukilileta hapa bila kubadilisha taa, kila usiku linainua mwanga kwenye macho ya yule ambaye lingepaswa kumhifadhi. Morogoro inapitiwa na malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo, ambako kote huendeshwa kulia. Fundi amezoea kulisoma lori kwa ukuta wake kabla dereva hajamwambia lilikotoka.

Sasa ile asilimia moja. Mstari wa juu wa kulala ukutani, fundi huuweka usawa wa katikati ya taa ya gari lililo mbele yake. Ameuchora kwenye ubao mwembamba unaopanda na kushuka, kwa kuwa magari hayalingani urefu. Mstari wa pili uko kwenye ubao huohuo, sentimita 10 chini yake. Ukingo wa mwanga unatakiwa ulale juu ya huo wa chini. Sentimita 10 kwa mita 10: kila mita 10 mwanga unazokwenda mbele, ukingo umeshuka sentimita 10 nyingine.

Chukua taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini, kama zilivyo za magari mengi madogo. Ukingo wake utagusa lami mita 65 mbele. Kwenye mita 50 utakuwa sentimita 15 tu juu ya barabara, usawa wa vifundo vya miguu. Dereva anayekuja hapo hasumbuki. Sasa geuza skrubu kidogo, ukingo upande asilimia moja badala ya kushuka asilimia moja. Kwenye mita 50 ileile utakuwa sentimita 115 kutoka ardhini, na hapo ndipo yalipo macho ya mtu aliyekaa kwenye gari dogo. Ukutani tofauti kati ya hali hizo mbili ni sentimita 20, upana wa kiganja kilichofunuliwa. Barabarani ni tofauti kati ya mtu anayeona na mtu asiyeona.

Na usidhani usalama ni kuzishusha tu. Zishushe hadi asilimia tatu na mwanga utaishia mita 22 mbele yako. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Utakuwa na sekunde moja ya barabara, na mguu wako haujafika hata kwenye breki. Kwa nyati aliyesimama katikati ya lami usiku pale Mikumi, ambako barabara kuu inakata katikati ya hifadhi, sekunde moja haitoshi kitu.

Kwa hiyo kazi ni kupita kwenye mlango mwembamba: usimpofushe mwenzako, usijipofushe mwenyewe. Kanuni za Umoja wa Mataifa za magari zinaupima mlango huo kwa urefu wa taa. Taa iliyo chini ya sentimita 80, dimu yake inasetiwa iteremke kati ya asilimia 1 na 1.5. Taa iliyozidi mita moja, kama za malori mengi, kati ya 1.5 na 2, kwa sababu kinachomulika kutoka juu hufika mbali zaidi na hukuta macho ya watu njiani. Magari yaliyotengenezwa kwa kanuni hizo huandikwa asilimia yake kwenye taa au karibu yake, herufi ndogo zilizofichwa na vumbi. Fundi huzitafuta kwa kidole kilicholowa mate.

Fujo ya taa zangu haikuponywa na bisibisi. Alifungua boneti, akazichomoa zile globu mpya akaniwekea kiganjani, kisha akaweka kando yake globu ya kawaida, ile ya H4 yenye nyuzi mbili ndani. “Angalia huu uzi wa mbele. Chini yake kuna nini?” Kulikuwa na kikombe kidogo cha chuma, kama kijiko cha mwanasesere. Uzi wa dimu unaelea juu yake. Kikombe kinazuia mwanga usianguke nusu ya chini ya bakuli linalong'aa nyuma ya globu, maana mwanga unaopiga chini ya bakuli ndio unaorushwa juu barabarani. Na upande mmoja ukingo wa kikombe umeinamishwa kidogo: kile kiwiko nilichokiona ukutani kinazaliwa pale, kwenye kipande cha chuma kisichozidi ukucha. Masikio matatu ya globu hayalingani, ili ikae kwa namna moja tu. Uzi ukihama milimita moja kutoka mahali pake, kule mbele mwanga unahama mita na zaidi.

Globu zangu za dukani zilikuwa na mwanga mwingi, ila hazikuwaka pale bakuli linapoutarajia mwanga. Hakuna skrubu inayoweza kurekebisha hilo. “Mwanga si wingi,” alisema, akizifunga kwenye gazeti anirudishie. “Mwanga ni mahali.”

Alipofunga globu za halojeni, ukingo ulijitokeza ukutani palepale, kama picha inayotulia. Ulikuwa umeinamia kushoto na uko juu ya mstari. Ndipo akashika bisibisi. Nyuma ya kila taa kuna skrubu mbili, moja ya kupandisha na kushusha, nyingine ya kupeleka kando. Kwenye magari mengi ya Kijapani ni kigurudumu cha plastiki chenye meno, unachokifikia kwa bisibisi ya nyota kupitia tundu dogo juu. Plastiki ikizeeka hukatika kama biskuti, na taa nzima hubaki inaning'inia. Kwa hiyo kwanza anapuliza vumbi, anadondosha tone la mafuta, anasubiri. Anageuza jino moja. Anatazama ukuta, si mkono wake. Jino jingine. Akitaka ukingo ufike kwenye mstari, anaushusha hadi chini yake, kisha anaupandisha taratibu mpaka uuguse, ili meno ya kigurudumu yawe yamekaza upande mmoja na lami mbovu isiulegeze baadaye. Niliziona pumzi zake zikikaa wakati kiwiko kinakaribia mstari wa kusimama. Kilipokaa, hakusema kitu. Alitoa boksi, akalihamishia upande wa pili, akaanza upya.

Kioo cha kulia kilikuwa kimekuwa cha manjano kwa jua. Alinieleza kwamba nisizidishe ukali wa globu kabla ya kusafisha kioo, maana kioo chenye ukungu hutawanya mwanga hadi juu ya ukingo na kuuharibu. Kijana wake alikisugua kwa msasa wa maji, ule mkali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, kila mara akimwagia maji na kupapasa kwa kidole gumba, hadi kikarudi kuwa kioo.

Zipo mashine za kufanya kipimo hiki bila ukuta wala giza. Vituo vya ukaguzi vina kipima taa: sanduku linalosogezwa mbele ya taa, lenye lenzi kubwa inayoufupisha umbali, hivyo kile ambacho kingeonekana ukutani mbali kinaonekana kwenye kiskrini kidogo ndani ya sanduku. Japani, ambako magari yetu mengi yalianzia, gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2, na kila taa ya dimu hutakiwa itoe mwanga usiopungua kandela 6,400 ukielekea mahali pake. Ujerumani, tangu mwaka 1956, kila Oktoba usiku unapoanza kurefuka, magereji hupima taa za wananchi bure. Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe zima linapoingia barabarani, na Wiki ya Nenda kwa Usalama hutukumbusha kila mwaka. Tangu mabasi yalipofunguliwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, jambo hili si la wenye magari binafsi peke yao. Mama aliyelala kwenye kiti cha dirishani kuelekea Mbeya amekabidhi maisha yake kwa sentimita 10 za mtu asiyemfahamu.

Fundi anaziheshimu mashine. Kijana wake amekwenda kujifunza kutumia kipima taa na alirudi na maswali mazuri. Lakini mashine nayo inataka sakafu iliyolala, matairi yenye upepo, na mtu anayejua kwa nini. Mkaguzi hodari wa magari anafanana naye katika hilo. Nimewahi kumtazama mmoja akiwa shimoni chini ya basi. Alishika gurudumu juu na chini akalitikisa, akilisikiliza beringi. Akalishika kulia na kushoto akalitikisa tena, sasa akizisikiliza tairodi. Aligonga fremu kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, kama mtu anayebisha hodi, na sauti ilipobadilika alirudi nyuma akagonga tena. Palikuwa na kutu chini ya rangi mpya. Karatasi yenye masanduku ya kuweka vema alikuwa nayo mfukoni, lakini alikuwa hajaitoa. Kwanza alitaka kujua, ndipo aandike.

Karatasi inaweza kujazwa bila gari kuguswa, sote tunajua. Ndiyo maana watu wa aina hii wananigusa. Breki ikiharibika, mwenye gari ataisikia mguuni. Usukani ukilegea, atausikia mikononi. Taa zilizopanda hazimuumizi mwenyewe hata kidogo. Kinyume chake, ataona mbali zaidi na kufurahi, kama nilivyofurahi mimi hadi Chalinze. Anayeumia ni yule anayekuja, na huyo hayupo gereji kulalamika. Halipi. Hajui jina la fundi. Mzee yule anapoinama juu ya kigurudumu cha plastiki, jino moja, jingine, mteja wake hasa ni mtu aliye kilomita mia mbali ambaye hatamwona kamwe. Mimi nilikuwa mlipaji tu.

Aliponipa funguo alinitahadharisha kuhusu kile kitufe kidogo kwenye dashibodi chenye namba 0 hadi 3. “Umeseti ukiwa peke yako kwenye sifuri. Ukijaza watu nyuma na mizigo, sogeza. Ukifika, rudisha.”

Niliondoka Morogoro usiku wa Jumamosi iliyofuata. Nilipopita Mikese nilianza kuyahesabu magari yanayokuja. Nilifika arobaini, nikaacha. Hakuna aliyenipiga fulu. Karibu na Mdaula lori lilikuwa linakuja, na wakati huohuo kushoto kwangu, mbali, kiwiko kiliokota kitu: miguu miwili ikipanda na kushuka, kisha gunia la mkaa, kisha gunia la pili. Baiskeli isiyo na taa. Nilipunguza mwendo, nikasubiri lori lipite, nikampisha mwenye mkaa kwa nafasi ya kutosha. Lori lilipita kimya, taa zake zimeinama kama zangu. Dereva wake hakujua kwamba kulikuwa na la kushukuru, na mwenye mkaa hakugeuka.